Dola ya Sultani: Pengo la Miaka 82 Katika Nasaba ya Sarafu Moja

Ukitaka kununua kiwanja Goba au Kibaha, mzee wako hataanza na bei. Atakuuliza: huyo anayekuuzia alikipata kwa nani? Na huyo naye alikipata kwa nani? Ukimjibu, "Alirithi kwa baba yake, hati hii hapa, na mjumbe aliyeshuhudia yule pale," mzee anatulia. Ukimjibu, "Wanasema zamani kilikuwa cha mkubwa mmoja serikalini," mzee anavaa viatu, mnaondoka.

Waliosoma madrasa wanalijua jambo hili kwa jina la isnadi. Hadithi haipimwi kwa utamu wake. Inapimwa kwa mnyororo wa walioipokea: fulani kutoka kwa fulani, na fulani kutoka kwa fulani. Mnyororo ukikatika katikati, hadithi inahesabiwa dhaifu hata kama maneno yake yanapendeza.

Watu wa makumbusho, wa minada na wa idara za historia wana kazi hiyohiyo kwa vitu. Wanataka kujua kitu kilitengenezwa wapi, kikapita mikono ya nani, kikafikaje hapa kilipo. Katika makala haya nitaiita nasaba ya kitu. Na badala ya kuieleza kwa nadharia tupu, tuifuatilie sarafu moja tu. Nimeichagua kwa sababu jina lililobandikwa juu yake linatuhusu sisi wa pwani hii kuliko tunavyodhani.

Sarafu yenyewe

Agosti 2021, kwenye mnada huko Marekani, sarafu moja ya fedha iliuzwa kwa dola 7,680,000. Thamani iliyopigiwa ni dola moja. Ni pana kuliko shilingi mia tano yetu, ina kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, na mwaka ulioandikwa ni 1804.

Wakusanyaji wanaita sarafu za aina hii "dola za 1804". Za kundi la kwanza, yaani zile za mwanzo kabisa, zinajulikana nane tu. Hii ninayoisema ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote, na wauzaji huitambulisha kwa jina la Sultani wa Muscat.

Sultani huyo ni nani? Ni Sayyid Said bin Sultan. Ndiyo, yuleyule tuliyemsoma sekondari, aliyehamishia makao yake Unguja na kuhimiza mikarafuu. Kwa hiyo mtu aliyelipa mamilioni yale hakununua fedha tu. Alinunua pia kipande cha jina la mtawala wa Zanzibar. Swali letu ni la yule mzee wa kiwanja: jina hilo linasimama juu ya hati, au juu ya "wanasema"?

Mwaka kwenye sarafu si cheti cha kuzaliwa

Tuanze na mtego wa kwanza. Ukiona sarafu imeandikwa 1804, utasema ilipigwa 1804. Hapana. Dola ya kwanza yenye mwaka huo ilipigwa miaka thelathini baadaye, 1834.

Ilikuwaje? Kiwanda cha Sarafu cha Philadelphia kiliacha kupiga dola za fedha mwaka 1804. Vitabu vyake vilionyesha kwamba mwaka huo zilitolewa dola 19,570. Ila mafundi walikuwa wametumia mihuri ya miaka iliyotangulia, maana chuma kilikuwa ghali na mhuri haukutupwa mpaka uchakae. Kwa hiyo dola zile zilitoka zikiwa na tarehe za nyuma. Mwaka 1834 kiwanda kilipoagizwa kutengeneza seti kamili za sarafu za Marekani, mafundi walitazama vitabu, wakaona dola ya mwisho ni ya 1804, wakachonga mhuri wenye mwaka huo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sarafu yenye tarehe ambayo dola yoyote haikuwahi kuwa nayo.

Ushahidi upo pia kwenye mwili wa sarafu. Dola hizi zina maneno kwenye ukingo wake, na maneno hayo yamebanwa na kupondeka. Yaliandikwa kwanza, kisha sarafu ikapigwa ikiwa ndani ya pete ya chuma inayoibana pande zote. Pete ya namna hiyo kiwanda kilianza kuitumia mwaka 1828. Sarafu ya kweli ya 1804 isingeweza kuwa na alama hizo.

Kama hili linakushangaza, muulize bibi yako kuhusu riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani hii na kuishia kwenye mikufu. Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini ziliendelea kupigwa Vienna na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa zaidi ya karne. Wafanyabiashara walilizoea sura ile, hivyo mwaka haukubadilishwa. Mtu akikuonyesha riale na kukuambia "hii ina zaidi ya miaka mia mbili, soma mwenyewe," mwambie pole.

Somo la kwanza ndilo hilo: maandishi yaliyo juu ya kitu ni dai, na dai huchunguzwa.

Upande wa kwanza wa mnyororo: zawadi

Sasa kwa nini kiwanda kiliagizwa kutengeneza seti hizo? Hapa hati zipo, na ni nzuri.

Edmund Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Alifika Unguja miaka ya 1827 na 1828, akakutana na Sayyid Said. Aliporudi kwao alieleza kwamba Marekani ingefaidika kwa mkataba wa biashara na mtawala huyo. Serikali ikamsikiliza. Mwaka 1833 Roberts alisaini mikataba miwili: mmoja na Siam, nchi tunayoiita leo Thailand, na mwingine na Sayyid Said huko Muscat, tarehe 21 Septemba.

Mikataba ilipaswa kurudishwa ikiwa imeidhinishwa, na kwa desturi mgeni haendi mikono mitupu. Novemba 1834 Waziri wa Mambo ya Nje, John Forsyth, alimwandikia mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, Samuel Moore, kwamba Rais Andrew Jackson anataka seti mbili za sarafu: moja ya Mfalme wa Siam, nyingine ya Sultani wa Muscat. Yakaagizwa pia masanduku mawili ya ngozi, moja la manjano na moja jekundu. Baadaye zikaongezwa seti mbili nyingine kwa ajili ya watawala wa nchi zilizotarajiwa kufikiwa, Vietnam na Japani.

Roberts aliondoka na meli ya kivita iitwayo Peacock. Septemba 1835 meli hiyo ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, pwani ya Oman, nusura ipotee. Roberts alishuka kwenye mashua ndogo hadi Muscat kuomba msaada, na Sayyid Said akautoa. Kisha zawadi zikakabidhiwa. Daktari wa meli, W. S. W. Ruschenberger, alichapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1838, na katika orodha yake ya zawadi za Sultani imo seti ya sarafu za Kimarekani, pamoja na upanga, ramani, bendera na bunduki.

Mwaka uliofuata seti ya Siam nayo ilifika. Roberts hakufika Japani. Aliugua akafia Macao Juni 1836.

Kwa hiyo mpaka hapa tunasimama juu ya mwamba, na safari hii ule mwema. Tuna barua ya aliyeagiza, vitabu vya aliyetengeneza, na shahidi wa kukabidhiwa. Kwamba Sayyid Said alipokea dola ya 1804 ni jambo lisilo na shaka ya maana.

Upande wa pili wa mnyororo: kutoka Liverpool hadi mnadani

Turuke kwanza mpaka mwisho, halafu turudi katikati.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, nyumba ya mnada ya Glendining ya London iliuza sarafu za mkusanyaji aitwaye C. A. Watters wa Liverpool. Ndani yake ilikuwamo dola ya 1804. Ilinunuliwa na Henry Chapman, mfanyabiashara wa sarafu wa Philadelphia, ikaingia kwenye mkusanyo wa Virgil Brand.

Huyu Brand si mchezo. Alikuwa na kiwanda cha bia Chicago, hakuoa, na inakadiriwa alikusanya sarafu zaidi ya 350,000. Kilichomfanya awe rafiki wa watafiti ni tabia moja: aliandika. Kila alichonunua alikiingiza kwenye daftari, na madaftari hayo yamehifadhiwa na chama cha wanazuoni wa sarafu cha Marekani. Alipofariki 1926 mali iliwaangukia ndugu zake wawili. Mwaka 1945 dola yetu ikaenda kwa familia ya Childs, nayo ikaa nayo zaidi ya nusu karne. Tarehe 30 Agosti 1999 iliuzwa kwa dola 4,140,000, bei ambayo sarafu nyingine yoyote haikuwa imewahi kuifikia mnadani. Ikaingia kwenye mkusanyo wa D. Brent Pogue, kisha ikafuata ile bei ya 2021.

Upande huu nao ni imara. Kuna katalogi, daftari, risiti na picha. Tangu 1917 sarafu hii haijapotea hata siku moja.

Katikati: miaka 82

Sasa hesabu. Kutoka 1835 hadi 1917 ni miaka 82. Katika miaka hiyo hakuna barua, risiti, orodha ya mirathi wala katalogi inayoionyesha dola ya Sayyid Said ikitoka kwenye mkono wake na kufika Liverpool. Sarafu moja imeingia kwenye handaki Muscat. Sarafu moja imetoka kwenye handaki Liverpool. Tunaambiwa ni ileile.

Wanaosema ni ileile wana hoja, tuzisikilize kwa haki. Kwanza, ni ya kundi la kwanza, yaani kundi lilelile la seti za zawadi. Pili, imehifadhika kama iliyokaa sandukuni, haikuguswaguswa. Tatu, ilionekana nje ya Marekani, na Uingereza ilikuwa na mahusiano mengi na Muscat na Zanzibar.

Lakini tuzipime. Seti za zawadi zilikuwa nne, sarafu za kundi la kwanza zinazojulikana ni nane. Maana yake kiwanda kilipiga za ziada, hivyo kuwa ya kundi hilo hakutoshi kuifanya ya Sultani. Kuhifadhika vizuri kunaonyesha ilitunzwa, hakusemi na nani. Na kuonekana Ulaya? Hapa kuna kisa cha kukumbuka. Mwaka 1884 dola nyingine ya 1804 iliuzwa kwenye mnada Berlin, ikanunuliwa na Henry Chapman na ndugu yake, ambao waliiuza Marekani mwaka uliofuata kwa dola 1,000. Watafiti walioifuatilia wanaona kwamba ilipelekwa Berlin makusudi, ili ionekane kama kitu kilichogunduliwa Ulaya. Nasaba ilipikwa, yaani. Sisemi ya Liverpool ilipikwa. Nasema kwamba "ilionekana Ulaya" ni ushahidi mwepesi kuliko unavyosikika.

Linganisha na seti ya Siam. Mwaka 1962 Eric P. Newman na Kenneth E. Bressett walikuwa wakichapa kitabu chao kuhusu dola ya 1804, kilichojengwa juu ya zile barua za serikali. Kitabu kikiwa mbioni kutoka, seti ya Siam ikajitokeza London: sarafu zikiwa pamoja, ndani ya sanduku lao la ngozi ya manjano, kama barua ilivyosema. Ilibidi kitabu kirekebishwe. Hata seti hiyo ina pengo lake, na hadithi inayopendwa ni kwamba ilipitia kwa Anna Leonowens, yule mwalimu Mwingereza wa watoto wa mfalme. Hadithi hiyo haijathibitishwa. Lakini sanduku na wenzake wa sandukuni wanaishuhudia. Dola ya Liverpool haina sanduku wala seti ya kuishuhudia. Imesimama peke yake.

Mtego wa herufi moja

Hapa nikiri jambo, kwa faida ya wenzangu wanaoandika tasnifu mwaka huu.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilikumbuka kwamba balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, aliyefika 1837, aliitwa Richard Waters. Na mkusanyaji wa Liverpool aliitwa Watters. Moyo ulinidunda. Nikaanza kuipanga sentensi kichwani: Sultani akampa balozi, balozi akarithisha, ukoo ukahamia Liverpool... Pengo limefungwa, makala imekwisha, tuzo naisubiri.

Kisha nikatulia nikaangalia vizuri. Balozi ni Waters, kwa T moja, mtu wa Salem, Massachusetts. Mkusanyaji ni Watters, kwa T mbili, mtu wa Liverpool. Nchi tofauti, tahajia tofauti, na hati ya kuwaunganisha hakuna. Zaidi ya hapo, kwa nini Sultani ampe Mmarekani sarafu aliyopewa na Wamarekani? Nilichokuwa nacho kilikuwa mfanano wa majina, na mfanano wa majina si undugu. Ingekuwa hivyo, akina Juma wote wa chuo hiki wangekuwa na baba mmoja.

Lakini ona ilivyokuwa rahisi. Ningeliandika lile dai kwa "huenda", mwenzangu angelidesa bila "huenda", na baada ya tasnifu tatu lingekuwa "inajulikana wazi kwamba". Ndivyo jina la kubandika linavyogeuka kuwa historia. Si lazima awepo mwongo. Inatosha kila mmoja aondoe neno moja la tahadhari.

Kwani kuna ubaya gani?

Mtu atauliza: tajiri kanunua sarafu kwa hela zake, sisi inatuuma nini?

Inatuuma kwa sababu pengo lile lina majibu mengi, na kila jibu lina uzito wake. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akielekea Unguja. Dola yake ikagawanyika, Thuwaini akashika Muscat na Majid akashika Zanzibar, na mali ikagawiwa kwa warithi wengi. Sarafu ile iliweza kurithiwa. Iliweza kuuzwa kihalali, kupewa mgeni mwingine, au kuyeyushwa ikawa bangili. Iliweza pia kubebwa na mtu asiye na haki nayo, kwa mfano siku ya mabomu ya Waingereza kwenye kasri la Unguja, tarehe 27 Agosti 1896. Kama ni biashara ya halali, hatuna la kudai. Kama ni uporaji, ni kesi nyingine kabisa. Sidai lolote kati ya hayo. Nasema kwamba anayelifunga pengo kwa hadithi nzuri anatuzibia maswali hayo yote kwa pamoja.

Vilevile jina la mtawala wa pwani hii linaongeza bei sokoni, lakini kazi ya kuuliza kama linastahili kuwekwa pale tumewaachia wengine.

Namna ya kuandika nasaba kwa uaminifu

Ukipewa kazi ya kufuatilia kitu chochote, iwe sarafu, mlango wa Unguja au kinyago, gawa taarifa zako mafungu matatu: kilichothibitishwa kwa hati, kinachoelekea kuwa kweli kwa hoja, na kinachosemwa tu. Usikiruhusu kitu kupanda fungu bila ushahidi mpya. Kisha andika mnyororo wote, ukilionyesha pengo kama pengo. Kwa sarafu yetu ningeandika hivi:

"Inadhaniwa kuwa ya Sayyid Said bin Sultan, Muscat, 1835 (kwa hoja, si kwa hati), wamiliki wasiojulikana, C. A. Watters, Liverpool, hadi 1917, Henry Chapman, Virgil Brand, Chicago, ndugu wa Brand, familia ya Childs, 1945 hadi 1999, D. Brent Pogue; mnada wa 2021."

Ona yale maneno mawili, "wamiliki wasiojulikana". Hayapendezi, hayauzi. Lakini ndiyo yanayomwambia mtafiti ajaye mahali pa kuchimba.

Na pa kuchimbia papo. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, zina karatasi za karne ya 19 za Kiarabu na Kiingereza. Wanaosoma Kiarabu chuoni hapa wapo, wanaosoma historia wapo, na mara nyingi hawajuani ingawa wanapanga foleni moja ya chakula. Orodha moja ya mirathi, au barua moja inayotaja sanduku jekundu la sarafu za Kimarekani, ingetosha kuanza kuliziba pengo ambalo mamilioni ya dola hayajaliziba.

Mpaka siku hiyo, mtu akikwambia "hii ni dola ya Sultani wa Zanzibar," mjibu kama yule mzee wa kiwanja: sawa, na aliyemuuzia huyo wa Liverpool alikuwa nani?